Nafasi Aliyoiachia Niyongabo

Anayetoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac hupita Magara, kisha Rumonge, ziwa likiwa kuliani na milima kushotoni. Katika mwambao huu mchezo ni mpira wa miguu, na adabu ya michezo hupimwa kwa mambo ya uwanjani: kutomtukana mwamuzi, kumpa mkono aliyekufunga, kutogombana na mashabiki wa upande wa pili. Hayo yote ni ya lazima, lakini mengi ni makatazo tu. Historia ya michezo ya Burundi imetuachia kipimo kikubwa zaidi, nacho kimetoka kusini hukuhuku, kwa mkimbiaji Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, Makamba: kumpisha mwenzako mahali ambapo hakuna sheria inayokulazimisha.

Dieudonné Kwizera alikuwa mkimbiaji hodari aliyekosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa sababu Burundi haikuwa na Kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Miaka bora ya mwanariadha ni michache, na yake ikapita hivyo. Hakususa, alikuwa miongoni mwa waliohangaika hadi nchi ikatambuliwa mwaka 1993. Olimpiki ya Atlanta ilipofika, mwaka 1996, Niyongabo alikuwa na medali ya shaba ya dunia ya mita 1500, aliyoipata Göteborg mwaka uliotangulia, na wengi walimtazamia kupanda jukwaani. Nafasi yake katika mbio hizo akamwachia Kwizera. Yeye akaingia mita 5000, mbio alizokuwa amezikimbia mara mbili tu. Tarehe 3 Agosti alishinda kwa dakika 13:07.96, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Burundi.

Wapo watakaosema alipiga hesabu: mita 1500 zilikuwa na Noureddine Morceli wa Algeria, bingwa asiyeshikika. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba siku ya kuamua dhahabu haikuwepo. Palikuwa na mbio asizozizoea, na uwezekano wa kurudi mikono mitupu. Wengine watauliza adabu ya wawili ilifaa nini, nchi ikiwa vitani tangu 1993 na mapinduzi yametokea siku tisa kabla ya ushindi ule. Ni kweli, medali haizuii risasi, wala sidai hivyo. Kwizera mwenyewe hakufika fainali, na hilo halipunguzi alichopewa, kwa kuwa hakupewa ushindi; alipewa haki ya kusimama mstarini baada ya kuisotea miaka yote ile. Wanasoka nao wanayo desturi ya jinsi hii: mpinzani akilala ameumia, mwenye mpira huutoa nje ingawa kanuni haimwamuru, na mpira ukirushwa hurudishiwa wenyewe. Shabiki anayemzomea mchezaji wake kwa kuutoa anamtaka aiache desturi hiyo, na hapo ndipo ningependa mashabiki wa Magara na Rumonge wawe wa kwanza kupiga makofi.