Rwanda: BK Arena, jengo la umma lenye jina la benki

Katika eneo la Remera mjini Kigali, jirani na uwanja wa Amahoro, ndipo ulipo BK Arena, ukumbi wa michezo ya ndani wenye viti vipatavyo 10,000. Ulijengwa na kampuni ya Summa ya Uturuki kwa muda wa miezi ipatayo 6 tu, ukazinduliwa na Rais Paul Kagame mwezi Agosti 2019.

Kabla ya hapo, mpira wa kikapu mjini humo ulitegemea ukumbi wa Petit Stade, ambao ni mdogo mno kwa mashindano ya bara. Mwezi Mei 2021, janga la korona lilipozuia timu kusafiri huku na huko, mechi zote za msimu wa kwanza wa Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika zilichezwa katika ukumbi huo mpya, na Zamalek ya Misri ikatwaa ubingwa. Miezi michache baadaye yakafuata mashindano ya AfroBasket, ambamo Uganda iliwashangaza wengi kwa kuishinda Nigeria.

Hata hivyo, ukumbi wa ukubwa huo hauwezi kujiendesha kwa mpira wa kikapu pekee. Siku zisizo na mechi ni nyingi, ilhali gharama za umeme, usafi na ulinzi hazingoji ratiba ya ligi. Ndiyo maana ulipokea Mkutano Mkuu wa FIFA mwezi Machi 2023, na tamasha la mwanamuziki Kendrick Lamar mwezi Desemba mwaka huohuo.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyobadilisha jina lake. Ulifunguliwa ukiitwa Kigali Arena. Mwaka 2022 Benki ya Kigali ikanunua haki ya jina kwa mkataba wa miaka 6. Malipo ya namna hiyo huipunguzia hazina ya serikali mzigo. Lakini hayamhakikishii kijana wa Remera nafasi ndani: hilo huamuliwa na bei ya tiketi, na na idadi ya siku ambazo timu za mitaa huruhusiwa kuitumia sakafu hiyo.

Zipo siku ambazo hakuna tiketi inayouzwa. Tarehe 7 Aprili 2024, Amahoro ukiwa bado katika ukarabati, hafla ya kitaifa ya kumbukumbu ya miaka 30 tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilifanyika ndani ya ukumbi huo.