Kiungo Tunachokidharau

Tunapoisoma Zaburi ya 139 tunamshukuru Muumba kwa kazi ya mikono yake iliyo ndani yetu, hata ile tusiyoiona. Ubongo ni sehemu ya kazi hiyo, nao ulikaa gizani kwa karne nyingi.

Mwaka 1873 daktari Mwitaliano, Camillo Golgi, aligundua njia ya kuloweka vipande vya ubongo katika dawa zenye madini ya fedha. Chembe chache za neva ziligeuka nyeusi, na matawi yake yakaonekana kwa hadubini. Mwaka 1887 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alianza kuitumia njia hiyo, akichora kwa mkono alichokiona. Golgi alishikilia kwamba neva zote ni wavu mmoja ulioungana. Cajal alisema kila chembe inajitegemea, ikipakana tu na jirani yake. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na hata hapo hawakupatana. Hadubini za elektroni za miaka ya 1950 ndizo zilizoonyesha mwanya mwembamba kati ya chembe na chembe.

Jicho la mtu mmoja halikutosha. Mei 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na kampuni ya Google walichapisha ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu kisichozidi nusu ya punje ya mchele. Kilikatwa katika tabaka zaidi ya 5,000, kila moja ikapigwa picha, na kompyuta ikafuatisha kila tawi kutoka picha hadi picha. Zilionekana chembe zipatazo 57,000, na mahali milioni 150 hivi zinapopashana habari. Lakini kompyuta hukosea: huziunganisha chembe mbili kana kwamba ni moja, au huikata moja katikati. Kwa hiyo ramani iliwekwa wazi, ili watu wengi wasaidiane kuisahihisha, tawi kwa tawi.

Kipande hicho kilitoka kwa nani? Kwa mwanamke wa miaka 45 mwenye kifafa. Madaktari waliompasua iliwabidi waondoe sehemu isiyo na ugonjwa ili wapafikie mahali penye ugonjwa. Sehemu hiyo ndiyo inayoifundisha dunia leo.

Hapo tujihoji. Mwenye kifafa akianguka kanisani, baadhi yetu husogea mbali, wengine hunong'ona habari za mapepo. Tumewaficha watoto nyumbani. Tumewaachisha watu dawa kwa jina la imani. Lakini Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo vyake, alifundisha kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu vinahitajika.

Kuomba na kwenda hospitali havigombani. Ndugu yetu akianguka, tuondoe vitu vinavyoweza kumdhuru, tusimtie kitu kinywani, tumlaze ubavu mtikisiko ukiisha, tukae naye mpaka azinduke. Kisha tumrudishe mahali pake, katikati yetu.