Kundi la Kusoma Si Kundi la Wajinga

Wasee, tuseme ukweli. Kila darasa la praimari lina ile safu ya nyuma. Mwalimu akisema "someni," wa mbele wanaimba ukurasa wote, wa nyuma wanachezesha midomo tu. Halafu tunawaita wazembe. Mimi naona ni hesabu: mwalimu mmoja, watoto themanini. Atamsikia nani?

Shida hii ni ya zamani kuliko shosh ya shosh yako. Mwaka wa 1798, kijana wa karibu miaka 20 anayeitwa Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini London. Watoto wakafika mamia, na pesa ya walimu hana. Akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikifundishwa na mwanafunzi aliyewazidi kidogo. Ulipangwa kwa unachojua, si kwa umri, na ukiiva unapanda. Ubaya ni kwamba adhabu zake zilikuwa za kuaibisha watoto mbele ya wenzao.

Turudi home. Januari 2003, serikali ya Kibaki ikafuta karo ya praimari. Zaidi ya watoto milioni moja wakaingia shuleni. Poa sana, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Madarasa yakafurika.

Mwaka wa 2005 watafiti wakajaribu kitu magharibi mwa Kenya. Katika shule 121, darasa la kwanza likagawanywa mara mbili na mwalimu wa ziada akaajiriwa. Karibu nusu ya shule ziligawa watoto kama bahati nasibu. Zile zingine ziligawa kwa alama. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na hata watoto wa kundi la chini walifaidika. Sababu ni rahisi: mwalimu alifundisha watoto aliokuwa nao, si wale ambao silabasi iliota.

India nako, shirika la Pratham likaenda hatua moja zaidi. Kila mtoto anasikizwa peke yake: anajua herufi? neno? aya? hadithi? Anawekwa na wa kiwango chake kwa muda mfupi kila siku, bila kujali yuko darasa gani. Akijua kusoma maneno, anahamia kwa wenzake wa aya.

Hapo kwa kuhamia ndipo sisi hukosea. Tunapenda kugawa watoto Januari, halafu tunawasahau huko mpaka Novemba. Hilo si kundi la kusoma tena, ni jina ambalo mtoto atabeba mpaka ukubwani. Kundi zuri lina mlango: wasikize tena kila baada ya wiki chache, kisha wapange upya.

Mimi si mwalimu, na hata chuo sikumaliza. Lakini historia iko wazi: mtoto hushindwa kusoma kwa sababu hakuna aliyekaa karibu vya kutosha kumsikia.

Wewe ulikaa safu gani, na kuna mtu aliwahi kukuhamisha?