Sahani ya Nne

Sahani ya nne iliitwa "Bustani ya Kreta": majani machache ya mnavu, kipande cha boga na tone la maziwa mgando, katikati ya sahani pana kama ungo. Hoteli iko juu ya Karatu, mlo ni wa sahani saba, na bei ya mtu mmoja ingenilipia kodi ya chumba miezi miwili. Alilipa mgeni wa idara yetu. Kila sahani ilikuja na hadithi yake, na ya hii ilikuwa kwamba Wamaasai wamelima bustani ukingoni mwa kreta tangu enzi na enzi.

Njaa ningeisamehe, chipsi mayai Karatu hazikosekani. Hadithi ndiyo iliyonikwama kooni, maana ndani ya hifadhi kulima ni marufuku.

Mwaka 1959 Wamaasai walipohamishwa Serengeti, Ngorongoro ilitengwa iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. (Ndani ya kreta alikuwa ameshapita Mjerumani Adolf Siedentopf, aliyefuga ng'ombe humo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huyo hakupewa sahani.) Mwaka 1975 sheria ikakataza kilimo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akaruhusu vibustani vya jembe la mkono, kwa sababu mifugo peke yake haikutosha tena kulisha familia. Mwaka 2009 marufuku ikarudi. Tangu hapo anayetaka ugali anauza mbuzi, ananunua mahindi yaliyolimwa kwingine.

Kwingine kwenyewe hakuko mbali. Simama karibu na lango la Lodoare: upande huu mashamba ya Karatu, upande ule msitu, kama vimekatwa kwa kisu. Wairaqw wanaolima mahindi, maharage na mbaazi upande huu hawakutajwa mezani hata mara moja. Wala Mang'ola, bondeni karibu na Ziwa Eyasi, ambako chemchemi humwagilia vitunguu vinavyouzwa hadi nje ya nchi.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Kila familia iliyokubali kuondoka iliahidiwa nyumba na, pamoja nayo, shamba la kulima.