Kuwinda swala aliyekomaa: yale mwindaji wa Masisi na Walikale anapaswa kujua

Mwindaji anayeua kila kinachopita mbele yake anapata nyama leo, lakini mwaka kesho atatembea siku tatu bila kuona hata kinyesi cha mnyama. Wazee wa pori la Walikale walijua jambo hilo zamani. Njo maana mwindaji mzuri alichagua: aliacha jike lenye mimba, aliacha mtoto, akafuata dume lililokomaa. Siku hizi mitego ya waya, vita na biashara ya nyama ya pori vimebadilisha mambo. Haya hapa ni maelezo ya namna ya kumtambua mnyama aliyekomaa, kumfikia, kumuua bila kumtesa, na ya mipaka ambayo sheria na usalama vinamwekea mwindaji.

NI WANYAMA GANI?

Wengi huona kwenye simu picha za wanyama wa Ulaya na Marekani wenye pembe za matawi. Hao hawako huku. Pembe zao huanguka kila mwaka na kuota tena. Wanyama wetu ni wa jamii ya swala: pembe zao hazina matawi, hazianguki, na ikivunjika moja haioti ingine.

Kuzunguka Rubaya penyewe, milima imekuwa malisho ya ng'ombe, mashamba na mashimo ya madini. Mwenye kutafuta swala wa msituni anapaswa kwenda upande wa magharibi, kule pori la Walikale linakoanza. Wanaojulikana zaidi ni hawa wanne:

Mboloko. Ni mdogo kuliko wote, kilo 4 hadi 9. Rangi yake ni kijivu-kahawia. Anatembea mchana, dume na jike pamoja, na hawaendi mbali na eneo lao.

Swala mwekundu wa usiku. Ana kilo 20 hivi, mwili mwekundu-kahawia, na mstari mweusi unapita mgongoni. Mchana analala, mara nyingi chini ya miti iliyoanguka au kati ya mizizi mikubwa.

Swala mwenye mgongo wa njano. Ni mkubwa, kilo 45 hadi 80. Mwili wake ni mweusi-kahawia, na nyuma mgongoni ana manyoya ya njano ambayo yanasimama akishtuka.

Pongo, ambaye kwa Kinyarwanda anaitwa impongo. Dume lina kilo 40 hadi 80, jike ni dogo kidogo. Anapenda kandokando ya msitu, vichaka vya mabondeni na mashamba yaliyoachwa. Usiku anaweza kuingia shambani kula majani ya maharagi.

JINSI YA KUMJUA ALIYEKOMAA

Kwa pongo ni rahisi kidogo, kwani jike halina pembe. Dume likiwa kijana, pembe zake ni fupi kuliko masikio na rangi bado ni nyekundu-kahawia kama ya jike. Likikomaa, pembe zinapita masikio mbali, zimejikunja mzunguko mmoja, shingo inakuwa nene na mwili unakuwa mweusi zaidi. Dume la namna hii mara nyingi linatembea peke yake. Ukiona pongo asiye na pembe, ni jike au mtoto. Mwache.

Kwa mboloko na swala wengine wa msituni ni kazi zaidi, juu ya jike pia linaweza kuwa na pembe. Pembe pekee haitoshi. Angalia mwili mzima: mtoto ana miguu mirefu kwa mwili wake, uso mfupi, na anafuata mama karibu. Kwa mwenye mgongo wa njano, mtoto anazaliwa bila ile njano kuonekana vizuri. Inatokea kisha miezi. Kama njano haijaonekana wazi, huyo hajakomaa.

Kwa nini kuchagua? Jike la mboloko linabeba mimba karibu miezi 7, na linazaa mtoto mmoja tu. Pongo anabeba karibu miezi 6, naye anazaa mmoja. Hawa si sungura. Ukiua jike lenye mimba umeondoa wawili kwa siku moja, na pori litachukua muda mrefu kuwarudisha.

WAKATI NA MAHALI

Saa nzuri ni mapambazuko na jioni jua likianza kushuka. Kwenye saa hizo pongo anatoka kichakani kula. Katikati ya mchana analala, na ukipita unamkimbiza tu.

Tafuta chakula kwanza, mnyama atakuja. Mboloko na ndugu zake wanakula sana matunda yaliyoanguka. Nyani na ndege wakubwa wakiwa juu ya mti wanadondosha matunda mengi chini, na swala wanajua sauti hiyo. Mwindaji anayesikia kelele za nyani juu anasimama, anasubiri na kuangalia chini ya mti.

Kisha soma ardhi. Alama ya kwato ikiwa na kingo kali na udongo bado ni mbichi, mnyama amepita karibuni. Ikiwa kuna maji ndani au majani yameanguka juu, ni ya jana. Kinyesi kinachong'aa ni cha leo, kilichokauka ni cha zamani. Kwa pongo, alama kubwa inayotembea peke yake mara nyingi ni ya dume kubwa. Alama kubwa na ndogo pamoja ni mama na mtoto wake: acha njia hiyo.

UPEPO KULIKO MACHO

Swala anakunusa mbele ya kukuona. Chukua majivu kidogo au unga, achilia mkononi, angalia unaelekea wapi. Tembea upepo ukikupiga usoni. Kama unakupiga mgongoni, zunguka, hata kama ni mwendo wa saa moja zaidi. Asubuhi na mapema hewa ya baridi inashuka bondeni. Jua likipanda, hewa nayo inapanda mlima. Kwa milima kama ya Masisi, maana yake ni kuwa asubuhi unamkaribia mnyama kutoka chini, na mchana kutoka juu.

Usivute sigara, usipake mafuta yenye harufu. Piga hatua tatu, simama, sikiliza. Pongo akishtuka anabweka kama mbwa. Ukisikia hivyo, amekwisha kukujua. Kaa kimya nusu saa ao ubadilishe mahali.

Wawindaji wa misitu ya Congo wana ufundi mwingine: kumwita mboloko. Wanaziba pua kwa vidole na kutoa sauti ya mtoto anayelia. Mboloko anakuja mbio. Lakini hapo pia kuna mtego kwa mwindaji mwenyewe: anayekuja anaweza kuwa mama. Mwenye kuita anapaswa kuwa na moyo wa kuangalia kwanza na kuacha akiona si wa kuchukua.

MTEGO WA WAYA HAUCHAGUI

Waya wa freni ya baiskeli au kamba ya nailoni haina macho. Inakamata jike lenye mimba, mtoto, mbwa wa jirani, hata sokwe na gorila. Mwindaji akiweka mitego 50 na vita vikamzuia kurudi, wanyama wanaoza pale bila kumlisha mtu. Aliyekatika mguu akajiokoa anakufa mbali kwa kidonda.

Kwa hiyo hakuna namna ya kusema unawinda waliokomaa ukitumia waya. Kuchagua kunahitaji kuona. Wavu unaoswagwa na watu, kama wanavyofanya Wambuti tangu zamani, unamwacha mwindaji amwone mnyama akiwa hai na kumfungua kama ni mtoto ao jike. Mbwa wenye kengele za mbao shingoni wanasaidia kufuatilia, lakini wanapaswa kufundishwa kusimama, si kurarua.

Kumulika usiku na toroshi nako hakufai. Unachoona ni macho mawili yanayong'aa. Hujui ni dume ao jike, na pengine hujui hata kama ni mnyama.

KUUA MARA MOJA

Mwenye bunduki ya kalibre 12 asipige mbali. Ikipita hatua 30 hivi, risasi za punje zinatawanyika na mnyama anaondoka na majeraha. Subiri akupe ubavu. Lenga nyuma kidogo ya bega la mbele, chini ya nusu ya mwili: hapo kuna moyo na mapafu. Usimpige akiwa anakimbia, wala akiwa amekupa mgongo.

Akipigwa na kukimbia, usimfuate mara moja. Kaa dakika 30. Ukimkimbiza ataenda mbali, ukimwacha atalala karibu. Damu nyekundu yenye povu inatoka mapafuni, atakuwa karibu. Damu yenye majani ya tumbo inaonyesha umepiga vibaya, na kazi itakuwa ndefu.

Dume la pongo lenye jeraha ni hatari. Pembe zake ni kali, na linageuka kumshambulia mtu ao mbwa. Usilikaribie kwa mbele. Hakikisha limekufa kwa kugusa jicho na fimbo ndefu.

Kisha toa matumbo upesi, usiache saa zipite, na ning'iniza nyama kwenye kivuli na hewa. Kama njia ni ndefu, kausha kwa moshi palepale.

UGONJWA

Usichukue mnyama uliyemkuta amekufa, hata kama anaonekana mzima. Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa katika Mbuga ya Virunga kwa ugonjwa wa kimeta, ambao unampata mtu anayegusa ao kula mzoga. Mnyama anayeyumba, anayetokwa damu puani, ao mwenye vipele, mwache. Mwenye kidonda mkononi asichinje. Nawa na sabuni kisha kazi, na pika nyama mpaka iive kabisa.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 ndiyo inapanga uwindaji nchini Congo. Kuwinda kunahitaji kibali, na bunduki ina karatasi zake tofauti. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inahusu ulinzi wa viumbe na mazingira.

Ndani ya mbuga za taifa hakuna kuwinda hata kidogo. Kwa watu wa Masisi na Walikale, mbuga hizo ni Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na Kahuzi-Biega na Maiko, zote mbili za mwaka 1970. Zinalindwa na taasisi ya ICCN. Gorila, sokwe, tembo na okapi hawaguswi popote. Okapi analindwa tangu mwaka 1933. Kwa swala wengine, uliza kwenye ofisi ya mazingira ya teritware kabla ya kuingia pori, juu ya vibali na miezi ya kufunga.

Kuna pia mlango ambao vijiji vingi bado havijautumia. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake kisheria, mpaka hektari 50 000. Jamii yenye msitu huo inaweza kupanga pahali pa kuwinda, pahali pa kuacha wanyama wazae, na kukataza waya.

VITA NA MASHIMO YA MADINI

Bei ya koltani ilipopanda sana mwaka 2000, wachimbaji wengi waliingia Kahuzi-Biega, wakaishi kwa nyama ya pori. Tembo na gorila wengi waliuawa. Mwaka 2016 gorila wa huku aliwekwa katika kundi la wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani. Pori lililo karibu na machimbo linaisha upesi kuliko lingine.

Na tangu vita vilipofika Rubaya mwezi wa 4 mwaka 2024, hatari kubwa ya mwindaji si pongo. Mtu mwenye bunduki ndani ya kichaka, hata ikiwa ni kalibre 12 yenye karatasi zote, anaweza kuchukuliwa kuwa mpiganaji. Mwenye kusikia milio ya risasi hatauliza kwanza. Kwa hiyo:

Usivae nguo za rangi ya jeshi. Usiende peke yako. Mwambie mkuu wa kijiji njia utakayopita na siku ya kurudi. Usiwashe toroshi usiku porini. Ukikuta chuma usichokijua, bomu ao ganda la risasi kubwa, usiguse: weka alama mbali, rudi kwa njia uliyojia, toa habari. Na pale mapigano yako karibu, bunduki ibaki nyumbani.

Swala aliyeachwa leo akiwa mdogo, kisha miaka miwili ao mitatu atakuwa dume lenye shingo nene, na atakuwa amezalisha. Mwindaji anayejua hivyo hahesabu tu alichobeba begani. Anahesabu pia alichokiacha nyuma.