Mnyang'anyi na Msamaria

Katika mfano wa Msamaria mwema tumezoea kuwatenga watu: huyu mnyang'anyi, huyu mpita njia, huyu mwenye huruma. Wapendwa, habari za nyambizi ya Kijerumani U-156 zinatusumbua, kwa kuwa ndani yake mnyang'anyi na Msamaria ni mtu mmoja.

Nahodha wake, Werner Hartenstein, alizamisha meli nyingi mwaka 1942. Usiku wa Septemba 12, mbali na pwani ya Afrika Magharibi, aliipiga kwa torpedo meli ya Waingereza, Laconia, iliyobeba watu wapatao 2,700. Kama 1,800 kati yao walikuwa mateka Waitalia, wengi wamefungiwa chini ya meli. Alipoikaribia akasikia vilio vya Kiitalia majini. Kumbe amewazamisha washirika wa taifa lake!

Tusimpambe kupita kiasi. Pengine wangekuwa maadui watupu angekwenda zake. Lakini alipoanza kuopoa hakubagua: Waitalia, Waingereza, Wapolandi, wanawake na watoto, wote aliwapandisha, na mabaharia wake wakawapa chakula na vitanda vyao. Kisha akatangaza redioni kwa Kiingereza, bila mafumbo, mahali alipo. Meli yoyote ije kusaidia. Hataishambulia, mradi naye asishambuliwe. Sisi tunaouhubiri mfano ule kila mara, hapa hatujui tumweke wapi.

Septemba 16 alikuwa akivuta mashua nne zilizojaa watu, na wengine wengi wamo ndani ya nyambizi. Kitambaa chenye msalaba mwekundu kilitandazwa juu. Ndege ya Marekani kutoka kisiwa cha Ascension ikaangusha mabomu. Moja likaangukia mashua. Hartenstein akakata kamba, akawashusha watu baharini, akazamisha nyambizi ili kujiokoa. Meli za Kifaransa ndizo zilizokuja kuwaokoa wengi wa waliobaki. Walionusurika ni zaidi kidogo ya 1,000.

Siku iliyofuata mkuu wa nyambizi, Admirali Karl Dönitz, akapiga marufuku kuwaokoa watu wa meli zilizozamishwa. Amri hiyo ilijadiliwa mbele ya majaji kule Nuremberg vita vilipokwisha.

Machi 8, 1943, mashariki ya Barbados, ndege nyingine ya Marekani iliizamisha U-156. Warushaji waliona wanaume wachache wakielea, wakawadondoshea boti la mpira na chakula. Meli ikatumwa kuwatafuta. Haikumpata hata mmoja.