Kiti cha mgonjwa Masasi na Newala

Mwaka 1935 daktari kijana Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, wilayani Masasi, kufanya kazi chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA iliyokuwa imepiga kambi Masasi tangu 1876. Kule Ndanda, watawa Wakatoliki Wabenediktini walikuwapo tangu 1906. Mgonjwa aliyebebwa kwa machela kutoka Newala, juu ya uwanda, akateremshwa mteremko wake mkali, alipewa dawa na sala. Kauli juu ya hospitali hakuwa nayo. Hiyo ilikuwa ya daktari, padri na askofu.

Uhuru haukubadili hilo upesi. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa na mambo yakaendeshwa na maofisa wa mkoa na wilaya. Stirling mwenyewe, akiwa sasa raia wa Tanzania, alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Halmashauri zilirudi kwa sheria ya 1982, na katika mageuzi ya afya ya miaka ya 1990 ndipo likaja wazo la bodi ya huduma za afya katika kila halmashauri. Wananchi walikwisha kuanza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, na anayelipa huuliza fedha zake zinakwenda wapi.

Tazama nani amepewa kiti katika bodi hiyo. Wananchi wanne watumiaji wa huduma, na mwenyekiti hutoka kwao. Yupo mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii ya madiwani, ofisa mipango, mjumbe wa hospitali na wa timu ya afya ya mkoa. Mganga mkuu wa halmashauri ni katibu tu. Watoa huduma wasiolenga faida, yaani misheni hasa, wana kiti kimoja. Kwa Masasi hilo si dogo: waliokuwa wenye nyumba wamekuwa wageni waalikwa!

Kugawanyika kwa halmashauri kumezidisha bodi. Hospitali ya Ndanda iko Halmashauri ya Wilaya ya Masasi, ile ya Mkomaindo iko ya Mji. Newala nayo ina mji wake na wilaya yake. Lakini mgonjwa hafuati mipaka hiyo, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo kanuni za bodi hizi zinapopwaya.

Muhula wa wajumbe ni miaka mitatu. Ukiisha, nafasi za wananchi hutangazwa hadi kwenye kata, watu huomba, na baraza la madiwani huteua. Ukiliona tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kata, usimwachie diwani amtafute jamaa yake. Andika barua.